Shangazi, tulianza wanane, sasa tumebaki wanne

Shangazi, shikamoo.

Niko Mwanga, hapa Kigoma. Nina miaka 33, nina duka la vipuri vya pikipiki, mke na mtoto mmoja. Tatizo langu watu wakilisikia wanacheka, ndiyo maana nimekaa nalo muda mrefu.

Mwaka juzi shemeji yangu alirudi kutoka masomoni Ujerumani akatuletea zawadi ya masanduku matatu ya michezo ya mezani: Catan, Carcassonne na Ticket to Ride, ambayo kwenye sanduku letu imeandikwa Zug um Zug. Siyo ludo, Shangazi, hii ni michezo ya kufikiri. Alikaa nasi wiki mbili, akatufundisha yote mitatu, akaenda zake Dar. Mimi nikanogewa kabisa. Nikaanza kuwaita watu kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, kibarazani kwangu, mke wangu anachemsha chai na kukaanga mihogo. Tulifika wanane: mimi na mke wangu, nesi mmoja jirani yetu, mwalimu wa hesabu, dogo mmoja wa bodaboda ambaye ni mteja wangu, ndugu wawili wanaouza mawese sokoni, na mzee wa nyumba ya pili ambaye kijiweni anajulikana kama fundi wa bao.

Catan ndiyo mchezo wangu. Kwa asiyeujua, ni kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita, kila kipande, ukiacha kile cha jangwa, kinatoa kitu: mbao, tofali, kondoo, ngano au madini. Juu ya kipande kuna namba. Dadu mbili zikirushwa, namba iliyotoka ndiyo inayotoa mali, na mwenye nyumba pembeni yake anavuna. Unajenga barabara, nyumba, mji, unabadilishana mali na wenzako, wa kwanza kufikisha pointi 10 ameshinda. Ikitoka saba hakuna mavuno: aliyerusha anamhamisha jambazi, anaziba kipande cha mtu na kumchomoa kadi moja. Kitabu cha sheria kiko kwa Kijerumani, kwa hiyo anayezijua sheria vizuri ni mimi, maana shemeji alinikalisha chini akanieleza.

Nesi alianza vizuri tu. Siku yake ya kwanza kwenye Catan alikuwa wa kwanza kuweka nyumba, akaniuliza, "Niweke wapi?" Nikamwambia weka popote, ni bahati tu. Akaweka ufukweni karibu na bandari, pembeni ya namba 3 na 11, kwa sababu aliwapenda wale kondoo. Shangazi, nitasema ukweli: nilikuwa nimeshaiona kona ya 8 na 5 na sikutaka aichukue. Basi jioni nzima hakupata tofali hata moja. Saba zilipotoka kwangu nikampelekea jambazi mara tatu, maana ngano niliyoitaka alikuwa nayo yeye. Mara ya tatu aliweka kadi zake mezani taratibu, akasema ana zamu asubuhi. Hajarudi tangu siku hiyo. Tukikutana njiani ananisalimia vizuri tu.

Wengine wameondoka mmoja mmoja. Dogo wa boda simu inaita katikati ya mchezo, anaondoka na mteja, mchezo unaharibika, nikamwambia achague moja. Akachagua. Mmoja wa wale ndugu wa mawese alichoka kumsubiri mwalimu, ambaye kabla ya kuweka barabara moja anaweza kuhesabu mpaka chai ikapoa. Mzee wa bao alikaa akitazama Jumamosi mbili, akasema, "Mchezo wenu una maneno mengi," akarudi kijiweni kwake. Juu ya yote, mama mmoja wa mtaani alimwambia balozi wa nyumba kumi kwamba kwangu panachezwa kamari, kwa sababu ya dadu. Balozi alikuja, akatukuta tunagombana kuhusu kondoo.

Ticket to Ride na Carcassonne siku hizi tunazicheza mara moja moja, naona ni nyepesi. Sasa nimeweka akiba laki mbili na nusu, nataka kuagiza Terraforming Mars, maana nimesoma kwamba vikundi vya watu wanaoipenda michezo hii kwelikweli wanauheshimu sana. Nafikiri mchezo mkubwa utarudisha heshima ya kikundi. Mke wangu anasema niuze hata hii mitatu tununue friza.

Naomba uniambie: ninunue? Na kama siyo huo, ni michezo gani inayopendwa ambayo itanirudishia watu wangu?

Wako, Mwenye Kibaraza, Kigoma.

*

Marahaba, baba.

Sijacheka. Nimecheka kidogo tu, pale kwa balozi na kondoo. Mimi niko Tabora, na nyumbani kwangu Jumapili meza ya kulia hailiwi chakula mpaka jioni, kwa sababu mwanangu wa mwisho aliniambukiza ugonjwa huohuo. Kwa hiyo ulikopeleka barua ndiko.

Tuanze na ile kona. Nesi alikuuliza aweke wapi ukamwambia ni bahati tu. Wewe unajua siyo bahati tu. Chini ya kila namba ya Catan kuna vidoti, na vidoti ndivyo siri yenyewe. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Nane inatokea kwa njia 5, tano kwa njia 4: kona yako ilikuwa inavuna mara 9 kati ya 36, yaani robo ya mirusho yote. Tatu ina njia 2, kumi na moja njia 2: nyumba ya nesi ilikuwa inavuna mara 4 kati ya 36, moja ya tisa. Ulimkalisha mtu mwenye kisima cha robo debe mbele ya mwenye mto, kisha ukaenda kumwibia maji mara tatu. Na yeye siyo mjinga, anapima dozi za dawa kila siku. Vidoti vile aliviona baadaye, akajumlisha mwenyewe, ndipo akakumbuka ana zamu asubuhi.

Hapo ndipo penye ugonjwa, mwanangu. Wewe ndiye mwenye sanduku, mwenye kibaraza, mwenye sheria kwa sababu kitabu ni Kijerumani, na bado unataka uwe mshindi. Mtunga mtihani ni mwalimu, msahihishaji ni mwalimu, na yeye mwenyewe ndiye mtahiniwa. Nani atabaki?

Nenda kasimame kijiweni kwa yule mzee uone bao linavyofundishwa. Mgeni akikaa kwenye bao, watazamaji hawanyamazi. "Usile huko!" "Linda nyumba yako!" Mafundi wanne nyuma ya bega lake. Fundi anayecheza naye anajua kila mtu anamsaidia mgeni, na bado anamfunga, lakini mgeni anaondoka amejua kwa nini amefungwa. Wiki ijayo anarudi. Nesi wako aliondoka amejua jambo moja tu, kwamba amefungwa na mtu aliyemficha vidoti.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chukua karatasi moja, andika sheria za Catan kwa Kiswahili, upande mmoja tu, ubandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Zile kadi za maendeleo zenye maneno ya Kijerumani, andika tafsiri kwenye vikaratasi. Vidoti vielezwe kwa sauti kabla nyumba ya kwanza haijawekwa, na kama kuna mgeni mezani, wewe ndiye wa mwisho kuweka. Usihuzunike, wa mwisho anaweka nyumba zake mbili kwa mpigo, siyo nafasi mbaya. Kuna pia kanuni ya hiari ambayo wengi huitumia: jambazi haruhusiwi kumgusa mtu ambaye bado ana pointi mbili tu. Itumie.

Jambo la pili ni hesabu ndogo ambayo hata mwalimu wenu wa hesabu hakuiona, au aliiona akanyamaza. Mlikuwa wanane. Catan kwenye sanduku la kawaida ni ya watu watatu au wanne. Kila Jumamosi, wewe ukiwa na kondoo wako, watu wanne walikuwa wanakula mihogo na kutazama wenzao. Unashangaa yule ndugu wa mawese alichoka kumsubiri mwalimu? Huenda hata mezani hakuwepo! Ticket to Ride inaanzia wawili mpaka watano, Carcassonne vilevile. Tandika mkeka upande wa pili wa kibaraza, wanne huku, wanne kule, na gharama yake ni mkeka.

Sasa hiyo Terraforming Mars. Ni mchezo mzuri, sikatai. Ulitoka 2016, ukabuniwa na Jacob Fryxelius wa Sweden, mnaigeuza sayari ya Mars iwe na hewa, joto na maji mpaka mtu aweze kuishi. Vikundi vya wazoefu wanaupenda kweli. Lakini una kadi zaidi ya 200 za miradi, kila moja na maandishi yake, na ukiagiza wa Kiingereza utarudi kulekule: msomaji mmoja, wengine wote wanakuuliza "hii inasemaje?" Kwenye sanduku wameandika dakika 120, na hizo ni za watu wanaoujua. Mweke mwalimu wako hapo. Mkianza saa kumi na moja, jua la Kigoma lina hisani ya kuchelewa kuzama, lakini saa moja usiku mtakuwa mnatafuta tochi na mchezo uko katikati. Na haupiti watu watano. Kama ni ukubwa tu unatafuta, kuna Gloomhaven, sanduku lake lina uzito wa karibu kilo 10. Unaweza kuzuia nalo mlango upepo wa ziwa ukivuma.

Umeniuliza michezo inayopendwa. Ujerumani wana tuzo ya Mchezo wa Mwaka, Spiel des Jahres, inatolewa tangu 1979, na waamuzi wake wanatafuta mchezo ambao familia ya kawaida itaucheza na kuurudia. Catan iliipata 1995. Carcassonne 2001. Ticket to Ride 2004. Yote mitatu iko kwako, mmoja uko mezani na miwili nahisi iko juu ya kabati. Shemeji yako alichagua kwa macho mawili. Wewe ndiye uliyeita miwili kati yake nyepesi.

Ticket to Ride ishushe Jumamosi hii. Alan R. Moon aliyeitunga aliweka zamu yako iwe tendo moja kati ya matatu: chukua kadi za rangi, au weka mabehewa yako kwenye njia, au chukua tiketi mpya, ile kadi ya siri inayokutaka uunganishe miji miwili kwa reli. Basi. Hata mwalimu hana pa kujificha, akihesabu sana ataombwa tu achukue kadi mbili. Mgeni anaelewa kabla chai haijaiva. Lakini wepesi huo usikudanganye. Njia ya behewa moja inakupa pointi 1, ya mabehewa sita inakupa 15, na wakati unakusanya kadi za ile ndefu, mtu anakuwekea kibehewa kimoja katikati ya safari yako na tiketi yako ya siri inakuwa deni. Mimi mwanangu alinizibia hivyo siku ya Idi. Sikumpa nyama mpaka saa tisa.

Kwenye mchezo huo hakuna anayekuchomoa kadi mkononi. Ndiyo maana nasema umwanzishie nesi huo, siyo Catan. Na usije ukamletea Pandemic, ule wa Matt Leacock wa 2008 ambao wote mnashirikiana kuzuia magonjwa manne yasienee duniani. Ni mzuri sana, lakini mtu ametoka zamu ya usiku wodini, unampa kazi ileile Jumamosi bila malipo?

Nikuchekeshe kidogo. Nyumbani tulijaribu kuchora ramani yetu ya Ticket to Ride kwenye manila, reli zetu wenyewe, tukitumia mabehewa ya sanduku. Tabora palinoga: njia ya Mwanza, njia ya Dar, njia ya kwenu, na kule Kaliua reli ya Mpanda inachepuka. Kigoma ndipo mchezo ulipofia. Mwisho wa reli ni mwisho wa reli, njia ya kutoka kwenu ni moja tu tangu Wajerumani walipoifikisha reli ziwani 1914. Aliyewahi kipande kile, mwenye tiketi ya Kigoma akabaki ameshika tama. Ilibidi tuongeze barabara ya Kasulu na Kibondo, na meli ya kushuka ziwani mpaka Kasanga, ndipo mkapata pa kupitia. Jaribuni na ninyi. Wale ndugu wa mawese wanajua njia za mzigo kuliko kitabu chochote, waachie wao wachore.

Kwa siku mnazotimia wote, kuna Codenames, ya Vlaada Chvátil wa Jamhuri ya Cheki, 2015, nayo ilichukua ile tuzo mwaka uliofuata. Huu usinunue wa Kiingereza, utengeneze wenu wa nyumbani kwa Kiswahili, manila na kalamu tu. Maneno 25 mezani, matano kwa matano. Timu mbili, kila timu ina kiongozi, na viongozi wawili peke yao wanaona karatasi ndogo inayoonyesha maneno yapi ni ya nani: 9 ya timu inayoanza, 8 ya pili, 7 hayana mwenyewe, na moja ni muuaji, ukiligusa timu yako imekufa. Kiongozi anatoa neno moja na namba moja, anafunga mdomo. Wenzake wanabahatisha.

Kiswahili kwa mchezo huu kimeumbwa. Andika mbuzi, tembo, kaa, paa, mto, ua, panda, chungu, meza, taa, kima, shuka, kila neno lina nyuso mbili au tatu. Kwangu wifi yangu, mtu wa Tanga, alikuwa kiongozi, akasema, "Nazi, mbili." Kijana wangu akagusa mbuzi, sawa, mbuzi ya kukunia. La pili akawaza, akawaza, akagusa chungu, kwa sababu nazi inapikwa. Chungu ndiyo ilikuwa muuaji. Wifi alikuwa na maana ya tembo, lile linalogemwa mnazini. "Tembo ni mnyama, shangazi!" "Kwenu mnyama, kwetu tunalinywa!" Waligombana mpaka sahani zikaoshwa, na Jumapili iliyofuata walikuwa wa kwanza kufika. Sasa ona: hapo dogo wa boda simu yake ikiita anaondoka, timu inaendelea, akirudi na buku lake anakaa palepale alipoachia. Ulimwambia achague kati ya mkate wake na mchezo wako. Ungekuwa wewe ungechagua nini?

Mzee wa bao amekuambia ukweli na hukumsikia. Mchezo wenu una maneno mengi kwa sababu Catan ni soko: nipe tofali nikupe ngano. Yeye ametoka kwenye mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, hakuna dadu, hakuna wa kumlaumu. Mtu wa namna hiyo muwekee Azul, ya Michael Kiesling, ilipata tuzo 2018. Vigae 100 vya rangi tano, vizito, vinalia mkononi kama kete. Vinapangwa vinne vinne kwenye visahani. Zamu yako unachagua kisahani, unachukua vigae vyote vya rangi moja, vilivyobaki vinasukumwa katikati ya meza, na vinakuwa chambo au sumu kwa anayefuata. Ukichukua vingi kuliko nafasi ulizonazo, vya ziada vinaanguka sakafuni na vinakukata pointi. Mzee ataelewa ndani ya mizunguko miwili kwamba mchezo siyo kile unachokichukua, ni kile unachomwachia mwenzako. Jiandae kufungwa. Na siku moja bao lake lije kibarazani kwako, likae meza moja na hayo masanduku ya Ulaya, mkae ninyi chini mfundishwe.

Kwa hiyo kama mkono unawasha kununua, nunua Azul peke yake, chenji iende kwenye friza. Mkibaki wanne mnaojua karata na turufu, baadaye sana, tafuteni The Crew ya 2019: mnashirikiana, lakini kusemezana mikononi mna nini ni marufuku, unaruhusiwa kuonyesha kadi moja tu mara moja kwa kila raundi. Ni dawa nzuri kwa mtu anayependa kuwaelekeza wenzake wacheze nini. Simtaji.

La kamari ni dogo. Hakuna hela mezani, hata dau la soda, mlango wazi, na yule mama aliyekusemea akaribishwe chai aje amwone huyo kondoo. Balozi naye mpe kiti.

Limebaki moja, nimelisoma mara mbili nikidhani limenipita. Umeniandikia kurasa mbili. Najua mwalimu anahesabuje, mzee alisema nini, nesi aliweka nyumba wapi. Mkeo ametajwa kwenye chai, kwenye mihogo na kwenye friza. Anapenda mchezo gani? Amekaa kibarazani Jumamosi zote hizo na hujaandika hata mara moja. Muulize leo, na jibu lake likiwa Carcassonne, ishushe kabatini bila kuguna. Michezo ya kwanza ya Carcassonne achaneni na wakulima wa mashambani, hesabu zao zinawakoroga wageni. Vigae 72, mnajenga miji na barabara, inatosha. Na mihogo Jumamosi hii kaanga wewe, ila mikono yenye mafuta isiguse kadi, kila mtu awe na kitambaa.

Nesi usimwendee na Catan mkononi, na usimtume mkeo. Mwandikie mwenyewe, hivi: "Dada, siku ile nilikuambia ni bahati tu, haikuwa bahati, niliitaka ile kona. Nisamehe. Jumamosi tuna mchezo wa treni, hauna jambazi. Ukiwa huna zamu, karibu." Usiongeze neno. Akijibu au asijibu, weka kikombe cha ziada.